Kushuka Mchongoma

Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Methali hiyo niliisikia tangu utotoni, nikaifundisha madarasani, nikawatungia wanachuo maswali juu yake, lakini sikuielewa hasa mpaka nilipofikia umri wa miaka 68, nilipoacha ugali kwa miezi minane na kisha nikataka kuurudia. Makala haya ni ya ugomvi. Nina ugomvi na watu wanaozunguka katika miji yetu wakifundisha kwamba wanga ni sumu. Sigombani nao kwa kuwa mafundisho yao hayapunguzi unene, maana yanapunguza. Nagombana nao kwa sababu wanawapandisha watu juu ya mti wa miiba, wanapokea ada yao, kisha wanaondoka bila kumweleza mtu yeyote jinsi ya kushuka. Na katika ugomvi huu mimi mwenyewe si msafi, kama nitakavyoeleza.

Nilizaliwa Milepa, katika Bonde la Rukwa, chini ya safu ya Lyamba lya Mfipa. Anayetoka Sumbawanga mjini kuja kwetu huiacha baridi ya uwanda wa juu wa Ufipa, akashuka ukingo mrefu wa mlima kwa barabara ya kona, na afikapo chini hukuta joto, mashamba ya mpunga na harufu ya samaki wa Ziwa Rukwa. Kule juu wazee walikula ugali wa ulezi uliolimwa katika ntumba, yaani yale matuta ambamo nyasi hufukiwa zioze ziwe mbolea. Sisi wa bondeni tulikula ugali wa mtama na wa mahindi, kwa magege, kambale, maharage na majani ya kunde. Wanga ndio uliojaza sahani zetu, asubuhi mpaka usiku. Hata hivyo, katika utoto wangu sikumjua mwanakijiji hata mmoja mwenye kitambi. Msomaji alishike jambo hilo, maana nitalirudia.

Kitambi changu nilikipata kazini. Nilianza nikiwa mwalimu wa shule ya msingi niliyekwenda shuleni kwa miguu, nikawa mwalimu mkuu mwenye baiskeli, nikamalizia nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu mwenye gari, meza pana na mhudumu aliyeniletea chai yenye vijiko vitatu vya sukari mara nne kwa siku. Nilistaafu mwaka 2010, nikajenga Sumbawanga mjini, nikakaa. Nasema nikakaa kwa maana yake halisi: nilikaa kwenye kiti. Mwaka 2018 nilikuwa na kilo 96 kwa kimo cha sentimeta 167, na daktari aliponipima damu kabla ya kunywa chai alikuta sukari imefika 8.1, wakati mtu anayefikia 7 tayari huhesabiwa kuwa na kisukari. Aliniandikia vidonge vya metfomini na kuniambia nipunguze uzito. Hakunieleza kwa vipi, maana foleni ya wagonjwa ilikuwa ndefu.

Pengo hilo lilizibwa na semina. Ilifanyika katika ukumbi mmoja mjini, tukalipa ada, na mwisho kila mmoja akapewa karatasi yenye pande mbili. Upande mmoja uliandikwa vitu vya kuacha: ugali, wali, viazi, ndizi, mihogo, mkate, maharage, matunda na sukari. Upande wa pili vitu vya kula: nyama, mayai, samaki, samli, parachichi na mboga za majani. Mama mmoja aliinua mkono akauliza, "Sasa mwalimu, mpaka lini?" Mtoa semina akajibu, "Mpaka kufa, mama. Au urudi kwenye sumu ufe mapema." Watu wakacheka. Nami nilicheka. Nilikuwa nimetumia miaka zaidi ya 30 kuwafundisha walimu kwamba swali la mwanafunzi halijibiwi kwa mzaha, na siku hiyo nilicheka.

Sitadanganya juu ya matokeo. Katika miezi minane nilishuka kutoka kilo 96 hadi 80, na sukari ikashuka hadi 5.9. Magoti yaliacha kuuma. Daktari alifurahi. Kwa hiyo asiniandame mtu akisema kwamba nayapinga yale ambayo sikuyajaribu. Mtu anayeacha ugali, mkate, soda na chai ya sukari kwa mpigo mmoja ameondoa zaidi ya nusu ya chakula chake, na nyama na mayai humshibisha mapema, hivyo anakula kidogo bila kujua. Sukari ya damu nayo hushuka, kwa kuwa kinachoileta hakiingii. Hapo hakuna muujiza, wala hakuna uongo.

Mwezi Juni 2019 mjomba wetu alifariki, nikashuka Milepa kwa msiba. Wanaojua msiba wa kwetu wanajua kwamba chakula cha matanga si chakula tu. Watu huketi wakazunguka sahani moja, wakanawa, wakamega, na kwa kumega huko husema kwamba wamekuja na wamo. Dada yangu, mdogo wangu wa kufuatana, alileta ugali na magege. Sikunyoosha mkono. Nilikuwa na mayai manne ya kuchemsha mfukoni mwa koti.

"Kaka, hata tonge moja?"

Nikamjibu kwamba daktari amenikataza. Haikuwa kweli. Aliyenikataza ni karatasi. Mzee mmoja akasema, kwa sauti ya kusikika, kwamba Mwalimu siku hizi anakula kizungu. Usiku, tulipobaki sisi wa nyumba, dada alinijia tena. Hakuwa na hasira. Aliuliza tu, kama mtu anayetaka kuelewa: "Hicho unachokiita sumu ndicho mama alichotulelea. Basi alitulea kwa sumu?"

Sikuwa na jibu. Nilikula ugali usiku ule, na kesho yake, na siku zote saba nilizokaa. Niliporudi mjini nikapanda mizani, nikakuta kilo 83. Kilo tatu kwa wiki moja! Nikakata tamaa. Nikajiambia kwamba mtoa semina alisema kweli, kwamba sumu imerudi na mimi nimeshindwa, na mtu aliyekwisha kushindwa hana sababu ya kujinyima. Nikarudia kila kitu, pamoja na vijiko vitatu vya sukari. Ilipofika Krismasi ya mwaka ule nilikuwa na kilo 91.

Sasa, ndugu msomaji, nitakupa hesabu ambayo hakuna aliyenipa, nayo ni hesabu ya darasa la tano. Mwili wa mtu mzima huweka akiba ya wanga katika misuli na ini, ipatayo nusu kilo. Akiba hiyo haikai kavu: kila gramu moja hukaa na maji kiasi cha gramu tatu. Nusu kilo ya wanga na kilo moja na nusu ya maji ni kilo mbili. Mtu anapoacha wanga, akiba hiyo hutumika katika siku za mwanzo na maji yake hutoka kwa mkojo, ndiyo maana wiki ya kwanza watu wote hushangilia mizani. Anaporudia wanga, akiba hujazwa na maji hurudi. Hayo si mafuta. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina kalori zipatazo 7,700. Ili niongeze kilo tatu za mafuta kwa siku saba, ningepaswa kula zaidi ya kalori 3,000 kila siku juu ya zile ninazozihitaji, yaani kama kilo nyingine ya unga, peke yangu, kila siku. Hata matanga hayana ulafi wa namna hiyo. Kilo mbili kati ya zile tatu zilikuwa maji na akiba halali. Nilikata tamaa kwa sababu ya maji.

Kilo zilizofuata hazikuwa maji, nazo zina sababu zake. Nilipourudia ugali, samli sikuiacha. Nilikuwa nimeizoea, na semina ilikuwa imenihakikishia kuwa samli ni rafiki. Kijiko kikubwa kimoja cha samli kina kalori kama 120, na ugali wa ukubwa wa ngumi una kama 230. Ugali wa ngumi moja ni sawa na vijiko viwili vya samli. Aliyeacha ugali akala samli anaweza kupungua, na aliyeacha samli akala ugali anaweza kupungua pia, lakini anayekula ugali wa zamani na samli mpya kwa pamoja amejenga nyumba ya pili bila kubomoa ya kwanza. Zaidi ya hayo, mwili wa kilo 80 unahitaji chakula kidogo kuliko mwili wa kilo 96, na mtu aliyepungua hubaki na njaa kubwa kuliko aliyokuwa nayo kabla, kwa muda mrefu, kwa sababu mwili hupigania kurudisha akiba yake. Kwa hiyo kurudi kwenye sahani ile ile ya zamani ni kurudi kwenye unene ule ule, au zaidi. Yote haya yangeweza kuelezwa katika ukumbi ule kwa dakika 10.

Ningekuwa nimeumia peke yangu, nisingeandika. Lakini niliitoa nakala karatasi ile nikampa mwalimu mwenzangu, rafiki yangu wa miaka 40, tuliyekuwa pamoja chuoni. Yeye alikuwa na kisukari tangu zamani na alimeza vidonge vya aina mbili. Alipungua vizuri, akanishukuru, na alipoona sukari imeshuka akaacha vidonge kwa shauri lake mwenyewe, maana karatasi ilimfanya aamini kwamba amepona. Krismasi ya 2019 watoto wake walikuja na wajukuu, akala kama walivyokula wengine, na kuanzia hapo akateremka kama nilivyoteremka mimi. Uzito ukarudi, na sukari ikapita pale ilipokuwa mwanzo. Tofauti yetu ni kwamba mimi nilikasirika, yeye aliona aibu. Alikuwa amewahubiria watu wengi habari za sumu. Aliacha kwenda kliniki kwa sababu hakutaka daktari amwone amenenepa. Mwaka 2020, mwezi Machi, nilimwona sokoni Sumbawanga, akageuza njia. Nilifikiri hakuniona.

Alikuwa anachechemea. Kiatu kipya kilimchubua kidole cha mguu, na kidonda cha mtu ambaye sukari yake haijatulizwa hakina haraka ya kupona, na aghalabu hata hakiumi sana, maana mishipa ya fahamu ya miguu huwa imekwisha kufa ganzi. Alikifunga kitambaa akakificha. Mwezi Juni walimkata mguu. Mwezi Agosti tulimzika. Mficha maradhi kilio humfichua, na kilio chake nilikisikia nikiwa nimeshika udongo mkononi, nikiikumbuka nakala ya karatasi niliyoitoa kwa shilingi 200.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipozaliwa. Wapo watakaosema kwamba rafiki yangu aliuawa na kisukari, wala si na semina. Ni kweli. Lakini kisukari kilikuwa naye kwa miaka mingi na alikuwa akienda kliniki. Kilichomtoa kliniki ni aibu, na aibu ilitoka katika neno sumu. Ukimfundisha mtu kwamba ugali ni chakula chenye kiasi chake, siku atakapozidisha atajua amezidisha, naye kesho atapunguza. Ukimfundisha kwamba ugali ni sumu, siku atakapoula ataona ameanguka dhambini, na aliyeanguka dhambini hujificha. Nidhamu inayovunjika kwa tonge moja si nidhamu. Nimewaona walimu wengi vijana wakiingia darasani na fimbo na sheria 20. Ilipovunjwa sheria moja hawakujua la kufanya, na kabla ya muhula kwisha darasa lilikuwa soko.

Tena waalimu hawa wa sumu hawawatendei haki hata walimu wao wenyewe. Mtu aliyevuma kwanza kwa njia hii alikuwa mtengeneza majeneza wa London aitwaye William Banting, ambaye mwaka 1863 alichapisha kijitabu kueleza jinsi alivyopungua. Aliacha sukari, viazi, bia, na mkate alioupenda sana. Lakini ukisoma milo aliyoiorodhesha, utakuta kipande kidogo cha mkate mkavu wa kuchoma, kiasi cha gramu 28. Alikipima, akakila, akaishi mpaka miaka 81. Daktari Robert Atkins wa Marekani, ambaye jina lake hutajwa kila mahali wanga unapopigwa vita, alichapisha kitabu chake cha kwanza mwaka 1972. Katika toleo jipya la mwaka 1992 alipanga hatua nne. Ile ya kukaribia kuacha wanga kabisa ni ya kwanza tu, na ilitazamiwa kuchukua wiki mbili. Zinazofuata ni za kurudisha wanga kidogo kidogo, wiki kwa wiki, mpaka mtu agundue kiasi ambacho mwili wake unakivumilia bila kunenepa. Mtu anaweza kubishana na Atkins juu ya mengi, lakini kushuka alikufundisha. Wenzetu walichana ukurasa wa kwanza wakauza huo, na kitabu wakakitupa.

Mwaka 2018, mwaka ule ule nilioingia ukumbini, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walitangaza matokeo ya watu 609 waliofuatwa kwa miezi 12. Nusu walipunguza wanga, nusu walipunguza mafuta. Wote walianza kwa kubana sana kwa wiki nane, kisha wakaelekezwa kuongeza polepole kile walichokipunguza, mpaka wafike kiwango ambacho wangeweza kuishi nacho siku zote. Kwa wastani waliopunguza wanga walipoteza kilo 6.0, na waliopunguza mafuta kilo 5.3, tofauti ambayo watafiti wenyewe hawakuihesabu kuwa tofauti. Ndani ya kila kundi walikuwamo waliopungua sana na walionenepa. Iko wapi sumu hapo? Kama wanga ungekuwa sumu, kundi la pili lingalikuwa makaburini.

Najua jibu lao. Watasema, kwa nini arudi? Abaki huko huko juu. Kwa anayeweza kubaki, na daktari wake ameridhika, abaki kwa amani, sina neno naye. Lakini sera huandikwa kwa ajili ya watu walio wengi. Nani katika Milepa ana uwezo wa kununua mayai sita na nusu kilo ya nyama kila siku ya Mungu? Nani atahudhuria misiba, harusi na mavuno ya majirani zake kwa miaka 20 akiwa na mayai mfukoni? Rukwa ni mmoja wa mikoa inayoilisha nchi mahindi. Mafundisho yanayomtaka Mfipa asile kile anacholima maisha yake yote yatamdumu kwa miezi, na siku ya kurudi itafika. Mwalimu aliyejua kwamba siku hiyo itafika na asimwandae mwanafunzi, hakufundisha.

Lakini wale wanaonipigia makofi kwa sababu nautetea ugali nao wangoje kwanza. Wapo wanaosema kwamba ugali ni mila, babu zetu walikula, basi tule milima. Hao nao wanadanganya, na jibu lao ndilo jibu ambalo dada yangu alistahili kulipata usiku ule. Mama hakutulea kwa sumu. Alikula ugali wa unga uliosagwa na pumba zake, baada ya kushika jembe tangu alfajiri, akaenda mtoni na kurudi na mtungi kichwani, na sukari aliiona Krismasi. Wanariadha wa Kenya wa Bonde la Ufa, walipopimwa chakula chao na watafiti mwaka 2004, walionekana kupata kiasi cha robo tatu ya nguvu zao kutoka katika wanga, ugali ukiwa mbele, nao ni wembamba kama fito. Lakini hukimbia zaidi ya kilometa 100 kwa wiki. Sisi tumechukua sahani yao, tumeacha miguu yao. Tumekoboa mahindi yakawa sembe nyeupe, tumeongeza soda, chapati na chipsi, tumekaa kwenye bodaboda. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi. Mwaka 2022 ilikuwa asilimia 36. Ugali haukubadilika kiasi hicho katika miaka saba. Tuliobadilika ni sisi.

Baada ya mazishi nilirudi kwa daktari, nikamweleza yote, hata aibu. Kuanzia Septemba 2020 nilipunguza tena, safari hii kwa upole, na mwezi Machi 2021 nilikuwa na kilo 82. Kisha nilianza kushuka mchongoma kwa makusudi, kwa miezi sita, kama lori linaloshuka Lyamba lya Mfipa. Dereva anayeijua barabara ile hangoji kona ndipo akanyage breki. Huweka gia ndogo akiwa bado juu.

Kwanza nilikaa mwezi mzima uzito ukiwa palepale, bila kupungua wala kuongezeka, ili mwili uzoee. Kisha nikarudisha maharage, kikombe kimoja kwa siku, kwa wiki mbili. Halafu tunda moja. Halafu kiazi au kipande cha muhogo wa kuchemsha. Ugali niliuweka mwisho, mchana tu, wa dona au ulezi, ukubwa wa ngumi yangu, na siku ule ugali ulipoingia mezani vijiko viwili vya samli vilitoka. Kila kilichoingia kilikuwa na kilichompisha. Mezani nilianza na mboga na samaki, tonge likafuata. Nilipima uzito kila Jumamosi asubuhi, nikaandika katika daftari. Nilijua mapema kwamba kilo mbili za maji zitakuja, na zilipokuja nilizikaribisha. Nikajiwekea mpaka: ikifika 85, narudi hatua moja nyuma kwa wiki mbili, bila kujilaumu na bila kumficha mtu. Nimerudi nyuma mara tano tangu wakati huo. Mara tano si kuanguka, ni breki.

Viwili havikurudi kabisa: sukari ya chai na soda. Vikombe vyangu vinne vya zamani vilikuwa na vijiko 12, karibu gramu 50, wakati Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilishauri kwamba ni vyema mtu asizidi kama gramu 25 kwa siku. Na kimoja kilirudi ambacho semina haikukitaja: jembe. Nina robo eka ya mahindi na maharage nyuma ya nyumba, na kila siku natembea saa moja, mvua isiponizuia.

Nina onyo moja, na nalisema kwa sababu ya kaburi lile. Anayetumia insulini, au vidonge vinavyoshusha sukari kama glibenklamidi, asipande mti huu wala asishuke bila ya daktari wake. Akiacha wanga huku dozi ni ile ile, sukari inaweza kushuka mno hata akazimia. Na akirudia wanga baada ya kuacha dawa, inaweza kupanda kimyakimya. Vidonge haviachwi kwa karatasi ya semina, hata kama aliyekupa ni rafiki yako mpendwa.

Leo nina miaka 75, na mizani inacheza kati ya 81 na 84. Bado nameza metfomini, kidogo kuliko mwanzo, na kliniki naenda hata mwezi ambao sina la kujivunia. Mwaka jana nilikwenda Milepa wakati wa mavuno. Dada aliandaa ugali wa ulezi na magege, akanitazama. Nilinawa, nikamega ngumi yangu moja, nikaila polepole kwa mboga nyingi, nikasema asante, imetosha.

"Imetosha, au ni sumu?" akauliza.

"Imetosha," nikamwambia.